Je, namba ya E kwenye chupa ya juisi ni dalili ya sumu?

Soma maandishi madogo ya chupa ya juisi ya dukani utakuta E330, pengine E211. Wengi huamini kwamba herufi hiyo inaonya juu ya kemikali hatari. Ukweli ni kinyume: namba ya E hupewa kitu kilichochunguzwa na kuruhusiwa katika Umoja wa Ulaya. Kwingineko namba huwa ile ile, mara nyingi ikitanguliwa na INS, yaani mfumo wa kimataifa wa namba hizi.

E948 ni oksijeni, hii hii tunayovuta. E330 ni asidi ya sitriki, inayoipa ndimu ukali wake, nayo imesingiziwa kupita kiasi. Mwaka 1976 ilisambaa Ufaransa karatasi iliyodai kwamba E330 ndiyo hatari kuliko zote kwa saratani. Ilidaiwa kutoka hospitali ya Villejuif, karibu na Paris. Hospitali ilikana, lakini watu waliendelea kuinakili kwa miaka, ikavuka mipaka. Hakuna aliyejiuliza mbona ndimu haikatazwi.

Hata hivyo ruhusa hiyo si ya milele. Mwaka 2022 Ulaya iliiondoa E171, rangi nyeupe ya titani, kwa kuwa wataalamu walishindwa kuthibitisha kwamba haidhuru vinasaba.

E211, yaani sodiamu benzoeti, kihifadhi cha kuzuia kinywaji kisichache, inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana inavyofanya kazi ni ajabu. Inahitaji kinywaji chenye ukali wa asidi, kama wa ndimu. Humo hugeuka asidi ya benzoiki, ambayo hupenya utando wa seli ya hamira au ukungu. Ndani ya seli ukali ni mdogo, basi asidi hiyo huachia chembe za haidrojeni na kuanza kuichachusha seli kwa ndani. Seli inalazimika kuzisukuma nje, na kila msukumo unakula nguvu. Ni kama mashua inayovuja: mabaharia wanafua maji mchana kutwa, nyavu hazishushwi. Wakiacha kufua, wanazama, wakiendelea, hawavui. Hamira inakosa nguvu ya kuzaliana, juisi haichachi. Ndiyo maana benzoeti hutiwa kwenye soda na achari, si kwenye maziwa, ambayo hayana ukali wa kutosha.

Kipimo ndicho cha kuangaliwa. Ulaya inahesabu kikomo salama cha benzoeti kuwa miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kikomo cha mtoto wa kilo 15 ni miligramu 75, na soda yenye miligramu 150 kwa lita itammalizia kiasi hicho kwa nusu lita tu. Hapo mzazi ana haki ya kujali.

Jambo jingine ni mchanganyiko. Benzoeti ikikutana na vitamini C, yaani E300, joto na mwanga vinaweza kuzalisha benzini, inayosababisha saratani. Kiasi chake kwa kawaida huwa kidogo sana, na viwanda vingi vimebadilisha mapishi. Bado, kreti ya vinywaji vyenye namba hizo mbili haifai kuachwa juani mbele ya duka.