Je, Wakatoliki wanaamini Papa hakosei kamwe?

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda miaka rudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Moshi, ya ukoo, ya waliosoma pamoja, hata ya vikoba: eti Wakatoliki hufundishwa kwamba Papa hakosei katika lolote asemalo. Asiyeamini Mungu huutuma kama ushahidi wa upofu; Mkatoliki naye, kwa hasira, huutetea. Wote wawili wanabishania fundisho ambalo halipo.

Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1870, uliweka mipaka myembamba: Papa hakosei pale anapotamka rasmi, akiwa mchungaji wa Wakristo wote, fundisho la imani au maadili linalopaswa kushikwa na Kanisa zima. Mfano unaojulikana zaidi tangu hapo ni wa 1950, kuhusu Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, yaani kuchukuliwa kwake mbinguni mwili na roho. Mahojiano yake na waandishi ndani ya ndege na maoni yake ya siasa hayamo. Na Papa huungama dhambi zake kama muumini yeyote wa Kibosho.

Kinachowachanganya watu ni neno lenyewe: "kutokosea" likifika kijiweni hugeuka "kutotenda dhambi". (Mafundisho mengine si ya kupuuzwa, Kanisa hudai yaheshimiwe, na hapo ndipo penye mjadala wa kweli.)

Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 891, au kanuni ya 749 ya Sheria za Kanisa, isemayo fundisho lisihesabiwe kuwa limetamkwa bila kukosea mpaka hilo liwe dhahiri. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze. Mwulize kwa upole aliyeutuma kautoa wapi.