Unene uliokithiri: mafuta na misuli hupimwaje?

BMI yangu ni 34. Je, si ndiyo kipimo cha mafuta?

Hapana. BMI ni kilo zako kugawanya kwa urefu wako wa mita mara urefu huohuo: kilo 92 kwa mtu wa mita 1.64 ni 34.2. Unene uliokithiri huanzia 30, lakini hesabu hiyo haitenganishi mafuta na misuli, wala haionyeshi mafuta yamekaa wapi. Yanayozunguka ini na utumbo ndiyo ya kuhofia zaidi.

Nyumbani nitumie nini?

Futi ya fundi cherehani. Usifuate kitovu, maana tumbo likining'inia nacho hushuka. Papasa ubavuni polepole hadi vidole vikute mfupa wa mwisho wa mbavu, kisha utafute ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Weka alama ya kalamu katikati, kulia na kushoto. Zungusha futi juu ya ngozi bila kubana, na mtu akuangalizie mgongoni, kwani huko ndiko huteleza. Toa pumzi kama kawaida, usome hapohapo. Pima mara mbili; vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 1, anza upya. Hatari ya magonjwa huongezeka sana kiuno kikipita sentimita 88 kwa mwanamke, 102 kwa mwanamume.

Mizani inayotoa asilimia ya mafuta je?

Hiyo hupitisha umeme hafifu nyayoni. Maji ya kwenye misuli huupitisha, mafuta huuzuia, na mashine hukisia kilichobaki. Mwenye unene uliokithiri ana maji mengi zaidi nje ya seli. Mashine huyahesabu kama misuli, hivyo mafuta husomeka pungufu. Tena umeme huo hupita zaidi miguuni, tumbo likikisiwa tu. Pima asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, na ulinganishe mwezi kwa mwezi. Miguu ikiwa imevimba, majibu hayo yaache. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asiipande kabisa.

Koleo la kubana ngozi?

Hilo hupima unene wa mkunjo wa ngozi na mafuta ya chini yake, ila kwa unene uliokithiri halifai. Mkunjo mnene hauenei kwenye meno yake.

Na DXA ya hospitali?

Hutumia eksirei ya dozi ndogo kutenganisha mifupa, mafuta na nyama laini nyingine, misuli ikiwemo. Shida ni kitanda: kila mashine ina kikomo cha uzito, na mwili mpana huweza kutoka nje ya picha. Hapo mtaalamu hupima upande mmoja mzima na kukadiria wa pili. Uliza kikomo hicho kabla ya kulipa.