Kumpigia kelele hakurudishi usikivu
Hapa Kigoma wengi huamini kwamba uvimbe wa kichwani ukishaondolewa usikivu hurudi, na kwamba usiporudi, dawa ni kumpigia mgonjwa kelele. Uvimbe unaoota kwenye mshipa wa fahamu wa nane, yaani ule wa kusikia na mizani ya mwili, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani na hukua polepole, unaweza kuharibu njia inayopeleka sauti kutoka sikio la upande huo kwenye ubongo. Njia hiyo ikishakatika, hata kifaa cha kukuza sauti hakisaidii sikio hilo. Sikio lililobaki hutosha chumbani, lakini katika mwalo wa Kibirizi, penye injini za boti na wachuuzi wengi, mtu huyo hutatizika kuchambua maneno, tena hutambua kwa shida pikipiki inatokea upande gani, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi. Msogelee upande wa sikio zima, auone uso wako, useme kwa sauti ya kawaida.