Mchoro wa karatasi haupigwi lamineshini

"Nimeshaupiga lamineshini usiharibike, sasa niambie thamani yake." Mimi ni mtathmini wa sanaa, na wateja wangu hapa Mwanza hunikabidhi mchoro dhahania, yaani usioiga sura ya kitu, wa rangi za maji uking'aa kama kitambulisho, na kuwajibu kunaniuma, kwa sababu nia yao ilikuwa njema.

Tumezoea vyeti. Steshenari za Makoroboi zinavipiga lamineshini na vinadumu. Lakini cheti ni maandishi tu, na mchoro uko mmoja duniani. Plastiki ile ina gundi upande wa ndani. Mashine huiyeyusha kwa nyuzi joto 100 au zaidi, kisha roli huikandamiza mpaka inywee kwenye karatasi na rangi. Pasteli, yaani chaki za rangi, huhamia kwenye plastiki. Rangi nzito, ambayo msanii aliiacha inyanyuke makusudi, inalazwa bapa. Ukijaribu kubandua, uso wa karatasi unatoka nao.

Katika sanaa dhahania hakuna sura ya mtu wala mtumbwi wa kumsaidia mtazamaji. Kilichopo ni rangi, mstari, na jinsi maji yalivyotembea juu ya karatasi, basi uso wenyewe ndio mchoro. Mtathmini huutazama kwa mwanga wa ubavuni, hugeuza nyuma kutafuta tarehe na maandishi ya penseli, huchunguza aina ya karatasi. Ndani ya plastiki hana cha kushika. Mnunuzi makini naye ataona uharibifu usiorudishika, na bei itaporomoka. Halafu plastiki yenyewe haizuii mwanga, kwa hiyo rangi zinaendelea kupauka vilevile.

Tumia fremu. Nyuma weka kadi isiyo na asidi, maana hadibodi tupu huipaka karatasi rangi ya kahawia. Mbele weka kadi nene iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse rangi, la sivyo unyevu ukiganda kwenye kioo, rangi itakishika. Mchoro uning'inie kwa vipande vya karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano, kamwe si selotepu. Na tafadhali, gundisha vipande vya mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, hewa ipite! Ukungu hunawiri unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na wakazi wa Kirumba au Capri Point wanajua masika yanavyoloanisha kuta za nje. Tundika kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha la ziwani.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja. "Karatasi ni rahisi, mali ni turubai," yaani kitambaa cha kuchorea. Ila msanii Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyefanyiwa maonyesho makubwa Tate Modern, jumba la sanaa la London, mwaka 2013, amechora hata nyuma ya vifungashio vya dawa, na kazi hizo zinaheshimiwa.

"Hauna saini, hauna thamani." Saini inasaidia, lakini risiti, picha ya msanii akiwa na kazi hiyo au barua yake vinaweza kuthibitisha asili. Tunza hizo karatasi.

"Umepauka, mpeni fundi auongeze rangi." Hapana. Rangi iliyokufa kwa jua hairudi, na ya fundi si ya msanii.

Kama mchoro wako umeshabanwa kwenye plastiki, usiukate kingo wala kuupiga pasi. Uweke palipo pakavu, gizani, na siku ya tathmini sema tangu mwanzo nini kilifanyika.