Kuvu ya Kiwavi wa Himalaya: Inatibu Nini, na kwa Nini Inaadimika?

Vidonge vinavyouzwa kwa jina la kordisepsi vina nini ndani?

Jina hilo hubeba zaidi ya kitu kimoja, na mara nyingi mnunuzi haelezwi. Kuna kuvu ya porini, ile ya kiwavi, *Ophiocordyceps sinensis*, inayoota kwenye nyanda za juu za Tibet na milima ya Himalaya, katika China, Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India, kwenye mwinuko wa takriban meta 3,000 hadi 5,000. Kuna pia kuvu ya jamii ya karibu, *Cordyceps militaris*, inayooteshwa kwa wingi kwenye nafaka kama mchele. Kidonge cha bei ya kawaida hakiwezi kuwa na kuvu ya porini kwa kiasi cha maana, kwa kuwa gramu ya ile bora imewahi kuuzwa ghali kuliko gramu ya dhahabu.

Kuvu ya porini hupatikanaje?

Viwavi wa nondo fulani huishi ardhini kwa miaka kadhaa wakila mizizi. Spora za kuvu, yaani chembe zake za uzazi, humwingia kiwavi, kuvu ikakua ndani yake hadi ikamuua na kuujaza mwili wake bila kuharibu umbo la nje. Theluji inapoyeyuka, kijiti cha kahawia huchomoza kutoka kichwani mwake na kutokeza juu ya ardhi kwa sentimita chache tu. Mchumaji hutambaa kwa magoti huku akikagua nyasi, na akishakiona huchimbua udongo wa pembeni polepole, kwa sababu kilichovunjika hushuka bei. Wanunuzi hutaka kiwavi mgumu aliyejaa, ilhali kuvu ikishakomaa na kumwaga spora mwili huo hulegea na kubaki mtupu. Kwa maneno mengine, soko hulipa zaidi kwa kuvu ambayo bado haijazaa.

Je, inapungua kwa sababu ya uchumaji au ya mabadiliko ya tabianchi?

Yote mawili, na ni vigumu kuyatenganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliounganisha maelezo ya wachumaji na takwimu za hali ya hewa, ulionyesha kwamba kuvu hii hustawi zaidi palipo na baridi kali ya kipupwe ilhali udongo haubaki umeganda mwaka mzima. Kipupwe kimezidi kuwa na joto katika sehemu kubwa ya eneo lake, na uoto wa milimani haupandi juu upesi kiasi cha kuifuata baridi. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, liliiorodhesha miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini. Kupiga marufuku uchumaji ni rahisi kutamka ukiwa mbali. Kwa kaya nyingi za huko, hicho ndicho chanzo kikuu cha fedha taslimu.

Je, inatibu kweli?

Tiba ya asili ya Tibet na ya China huitumia kwa figo, mapafu na uchovu. Ilipata umaarufu duniani mwaka 1993, kocha wa wanariadha wa kike wa China waliovunja rekodi alipoitaja kuwa siri yao, madai ambayo hayakuthibitishwa. Majaribio kwa wagonjwa wa figo yapo, lakini mengi ni madogo na yana kasoro, hivyo hayatoshi kumfanya mgonjwa aache dawa zake.

Ina madhara gani?

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ilionya kwamba bidhaa za kuvu ya porini zilikuwa na sumu ya arseniki kupita kiwango kinachokubalika. Aidha, wapo waliodhurika kwa madini ya risasi kutokana na unga wake uliochafuliwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari, au za kushusha kinga baada ya kupandikizwa kiungo, asianze kuimeza kabla ya kumwona daktari. Aende na chupa yenyewe, ili daktari asome lebo na kuona ni kuvu ipi iliyomo.