Kina cha fokasi: kwa nini jani liko wazi na ndege ana ukungu

Kina cha fokasi ni unene wa eneo linaloonekana kali kwenye picha, mbele na nyuma ya pale lenzi ilipolengwa. Kilicho ndani ya eneo hilo utakiona hadi unyoya mmoja mmoja. Kilicho nje hufifia, kidogo kidogo kadiri kinavyokuwa mbali nalo.

Anayeifundisha dhana hii vizuri ni shorobo wa Hartlaub, yule ndege wa kijani wa msitu wa Karura na bustani za Nairobi. Hukimbia juu ya matawi kama panya, akasimama, kisha akachungulia kati ya majani amwone anayemtazama. Utaona jicho lililozungukwa na ngozi nyekundu, doa jeupe mbele yake, basi. Uwekundu wa mabawa husubiri aruke.

Sasa tupige hesabu. Kwa lenzi ya milimita 400, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa f/5.6 (namba ikikua, tundu hupungua), kamera yenye sensa kubwa (kipande kinachonasa picha, hapa cha fremu kamili) na ndege yuko mita 8, kina ni kama sentimita 13 tu. Shorobo mwenyewe ana urefu wa sentimita 40 hivi. Akikuelekea, jicho litakuwa kali na mkia utafifia, wala si tatizo. Tatizo ni jani lililo sentimita 20 mbele ya jicho. Kamera ikiachwa ijichagulie, mara nyingi hukamata cha karibu, na jicho linabaki nje.

Ukibana tundu hadi f/11 kina huongezeka maradufu, lakini mwanga unabaki robo. Kasi ya kupiga picha ya 1/500 ya sekunde inashuka hadi 1/125, na shorobo hatulizi kichwa. Isitoshe, vijiti vyote vya nyuma vinajitokeza, picha inakuwa fujo. Mimi ningeacha tundu wazi, nichague pointi moja ndogo ya fokasi na kuiweka juu ya jicho.

Majani yaliyo karibu kabisa na lenzi hayana madhara makubwa: hufifia hadi kuwa utando wa kijani, na ndege huonekana kupitia humo. Yanayogusa mdomo wake ndiyo ya kuhepa, kwa kusogea nusu hatua pembeni.

Na udadisi ukimleta mwenyewe hadi mita 4, usishangilie mapema. Kina kimeshuka hadi sentimita 3 na kidogo, na akikutazama uso kwa uso, jicho na ncha ya mdomo huenda visienee humo pamoja. Chagua jicho.