Magari ya Serikali na Hewa Ukaa: Hesabu Ianze kwenye Lita

Lita moja ya dizeli ikiungua ndani ya injini hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa (kaboni dioksidi), gesi inayopasha joto dunia. Lita ya petroli hutoa kama kilo 2.3. Wengi wakisikia hivyo hudhani kuna kosa la hesabu, maana lita yenyewe ya dizeli haifiki hata kilo moja kwenye mizani. Uzito wa ziada unatoka hewani. Kaboni iliyomo kwenye mafuta hukutana na oksijeni ambayo injini inaivuta, na kila gramu 12 za kaboni hutoka kwenye bomba la moshi zikiwa gramu 44 za hewa ukaa. Hakuna chujio, dawa ya kuchanganya na mafuta wala fundi hodari awezaye kuibadili hesabu hii. Njia ya kupunguza hewa ukaa ya gari la mafuta ni kuchoma lita chache.

Naanza hapa kwa sababu mjadala wa magari ya umma na mazingira huishia mara nyingi kwenye moshi. Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na ni hatari kwa mapafu ya wanaoishi kando ya barabara. Nchi za Afrika Mashariki zilipiga hatua nzuri mwaka 2015 zilipoanza kutumia kiwango kinachoshusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini hewa ukaa haionekani wala hainuki. Shangingi jipya linalong'aa, yaani lile gari kubwa la kifahari, lisilotoa hata utepe wa moshi, linaweza kumwaga hewa ukaa mara mbili ya pikapu chakavu inayofuka mbele yake. Macho hayatusaidii hapa. Kinachosaidia ni kitabu cha safari na risiti ya mafuta.

Kwa bahati nzuri, magari ya umma ya Tanzania, yenye namba za STK, STL, SM na SU, yana vitabu hivyo. Dereva wa serikali hatakiwi kuondoka bila kuandika kilomita za kuanzia, anakokwenda na nani kamtuma. Mafuta ya magari mengi ya serikali hupitia Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, na matengenezo yako chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Hakuna mmiliki mwingine wa magari nchini anayenunua mengi kiasi hicho, anayeweza kujua kila lita imekwenda wapi, na anayeweza kubadilisha utaratibu kwa waraka mmoja. Tanzania iliahidi mwaka 2021, chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Sehemu ya magari ya abiria ya serikali katika jumla hiyo si kubwa, lakini ndiyo sehemu ambayo serikali inaweza kuipunguza bila kumwomba mtu mwingine yeyote.

Tuchukue safari inayofahamika kuliko zote, Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi kwa barabara. Tuseme shangingi la dizeli linatembea kilomita 7 kwa lita. Litachoma lita 64 na kuacha karibu kilo 174 za hewa ukaa. Kwenda na kurudi ni kama kilo 350. Gari dogo la petroli linalotembea kilomita 12 kwa lita, kwa safari ya kwenda tu, litaacha kilo 86. Sasa fikiria kikao kimoja ambacho taasisi moja inapeleka magari matano, kila mkurugenzi na la kwake, dereva na kiti cha mbele kikiwa na faili. Hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu ya hewa ukaa kwa kikao cha saa tatu.

Na tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inafanya safari za Dar es Salaam na Dodoma kwa muda wa saa nne hivi au pungufu. Siku hizi natoa ushauri mmoja kwa taasisi zote zinazoniuliza: safari ya Dodoma iwe ya treni kama kanuni, na gari liombewe kibali kwa sababu iliyoandikwa. Gari la kumpokea ofisa stesheni linaweza kuwa dogo, na likawahudumia watatu. Naelewa kuna maofisa wenye mahitaji ya kiusalama au mizigo ya vifaa. Hao wana sababu ya kuandika.

Kuna pia mambo ya uendeshaji ambayo hayahitaji bajeti. Upinzani wa hewa dhidi ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari likitoka kilomita 70 hadi 140 kwa saa, nguvu ya hewa inayolizuia huwa mara nne. Gari lililoinuka lenye uso mpana kama shangingi linaumia zaidi. Msafara unaopita Gairo, njiani kwenda Dodoma, kwa mwendo wa 140 unaomba mafuta ambayo usingeyahitaji kwa 90, ukiacha hatari kwa watoto wanaovuka barabara, ambayo kwangu ni kubwa kuliko suala lote la hewa.

Halafu nenda kwenye ukumbi wowote wenye semina ya serikali saa sita mchana. Magari yamepangwa kivulini, madirisha yamefungwa, injini zinaunguruma. Maji ya kiyoyozi yanadondoka chini ya kila gari na kutengeneza kidimbwi kwenye vumbi. Ukitazama ukubwa wa kidimbwi unajua injini imewashwa kwa muda gani. Injini kubwa ikiunguruma bila kutembea, na kiyoyozi kikifanya kazi, huchoma kati ya lita moja na mbili kwa saa. Simlaumu dereva. Ameambiwa bosi akitoka akute gari la baridi, na hana chumba cha kusubiri. Taasisi ikitaka injini izimwe, itenge chumba chenye viti, feni na maji ya kunywa kwa ajili ya madereva, na bosi mwenyewe atamke mbele yao kwamba anakubali kuingia kwenye gari la joto kwa dakika tano.

Hayo yote hata hivyo ni madogo yakilinganishwa na siku ya ununuzi. Gari likishanunuliwa, kiwango chake cha hewa ukaa kimeshapangwa kwa sehemu kubwa, na si kwa miaka ya serikali peke yake. Baada ya kuchakaa linakwenda mnadani, mwananchi analinunua, analipeleka gereji, na linaendelea kutembea miaka mingine kumi au kumi na mitano. Vigezo vinavyoandikwa mwaka huu kwenye zabuni vitakuwa bado vinachoma mafuta mwaka 2045.

Majirani zetu wamewahi kujaribu. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba mawaziri na maofisa wakuu watumie magari yenye injini isiyozidi cc 1,800, na makubwa yarejeshwe. Zikanunuliwa Volkswagen Passat. Lengo lilikuwa kubana matumizi, si tabianchi, lakini lita iliyookolewa ni ileile. Wapo waliopinga, na kadiri miaka ilivyokwenda magari makubwa yakarudi barabarani. Rwanda mnamo 2005 ilikwenda mbali zaidi: serikali ilipiga mnada sehemu kubwa ya magari yake na kuwasaidia maofisa kununua ya kwao. Mtu anayelipia mafuta mwenyewe hujifunza haraka kuzima injini.

Funzo ninalolipata kwa Kenya ni la kitaalamu. Ukubwa wa injini ni kipimo kibovu cha hewa ukaa. Gari la mseto, lenye injini ya cc 2,500 ikisaidiwa na mota ya umeme, linaweza kuchoma mafuta kidogo kuliko gari la kawaida la cc 1,800, hasa kwenye foleni za mjini. Kipimo sahihi ni gramu za hewa ukaa kwa kila kilomita, na watengenezaji wakubwa wanacho kwenye karatasi za gari. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu ununuzi wa magari ya umma, uliweka gramu 50 kuwa kikomo cha gari dogo kuhesabiwa kuwa safi hadi mwisho wa 2025, na baada ya hapo sifuri. Sisi hatuhitaji kuanzia huko. Shangingi la mfano wetu, la kilomita 7 kwa lita, linatoa kama gramu 386 kwa kilomita. Ningependekeza kikomo cha gramu 130 kwa magari ya kazi za mjini, ambacho gari la mseto la petroli linalotembea kilomita 18 kwa lita linakifikia.

Nasema kazi za mjini kwa makusudi. Mkuu wa wilaya anayekwenda vijiji vya Malinyi wakati wa masika anahitaji gari la kuinuka na kuvuta magurudumu yote manne. Mganga mkuu wa wilaya naye anahitaji. Hoja ya barabara mbovu ni ya kweli kwao. Haiwi ya kweli kwa gari ambalo kazi yake ya kila siku ni kutoka Mji wa Serikali Mtumba hadi katikati ya Dodoma kwenye lami, na ni magari ya aina hii ambayo mara nyingi huwa makubwa kuliko ya wilayani. Hapo pana jambo la hadhi, na tuliseme wazi: ofisa huheshimiwa na wasaidizi wake kwa gari analoshuka, na kikomo hakitadumu kama viongozi wa juu hawatakuwa wa kwanza kupanda gari dogo.

Kuhusu gesi asilia iliyoshindiliwa, inayotumiwa sana sasa na bajaji na teksi za Dar es Salaam, hewa ukaa yake kwa kazi ileile ni pungufu ya petroli kwa robo hivi. Ni faida, na gesi ni yetu, ya Songo Songo na Mnazi Bay. Lakini metheni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja bila kuungua, nguvu yake ya kupasha joto dunia kwa kipindi cha miaka 20 ni zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa uzito uleule, hivyo mtungi na mipira vikaguliwe kwa ratiba, na fundi wa kufunga mfumo awe na cheti.

Umeme unatufaa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Gari dogo la umeme hutumia kama yuniti 18 kwa kilomita 100. Hata kama umeme wote huo ungetoka kwenye mitambo ya gesi, hewa ukaa yake ingekuwa karibu kilo 8, dhidi ya zaidi ya kilo 18 za petroli. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa maji kwenye gridi. Magari ya mjini yanayolala kwenye uzio wa ofisi kila usiku ndiyo ya kuanza nayo, maana yanaweza kuchajiwa palepale.

Kwa ofisa usafirishaji anayesoma hapa, kazi ya mwezi huu ni kuongeza safu moja kwenye taarifa ya mafuta. Jumlisha lita za dizeli za kila gari na uzidishe kwa 2.7, za petroli kwa 2.3. Gawanya kwa kilomita za kitabu cha safari. Utaona magari mawili au matatu yanayochoma kupita wenzake, na pengine utagundua tairi lisilo na upepo wa kutosha, chujio la hewa lililoziba, au safari ambazo hazikuandikwa. Jumla ya taasisi nzima iingie kwenye taarifa ya mwaka, karibu na gharama ya mafuta, ili mwaka unaofuata iwe na cha kulinganishwa nacho.